Nafasi ya Kuitikia

Juzi binti wa jirani yangu hapa Magogoni alikuwa akisoma chuo kikuu huku anachambua mchicha. Simu ameiegemeza kwenye sufuria, mhadhiri yumo ndani ya simu anasema, na wanafunzi wenzake wote wamejifunika: hapana uso, hapana sauti, ni majina matupu yamepangwa. Mhadhiri akanyamaza kidogo, akauliza, "Tuko pamoja?" Kimya. Akauliza tena. Kimya. Akakohoa, akaendelea na somo lake. Nikamwambia yule binti, "Muitikie mwalimu wako." Akacheka. "Bibi, hata hajali."

Anajali. Nilimsikia alivyokohoa. Mimi nimekaa miaka na wahadhiri wanaosema na watu wasiowaona, na kikohozi kile nakijua. Basi ninyi vijana mnaosomesha na kusomeshwa kwa vioo, kaeni kitako niwape yangu. Sitayapanga vizuri. Kazi yangu ilikuwa kuwapangia wengine maneno yao. Yangu mwenyewe sijapata kuyapanga.

Nilikuwa fundi wa sauti katika chuo kimoja cha ualimu huko Changamwe, kuanzia miaka ya themanini mpaka karibu na mwisho wa tisini. Chuo kilikuwa na wanafunzi wa aina mbili. Wako waliolala bwenini na kulalamikia maharagwe, na wako waliosoma diploma wakiwa makwao, Likoni, Kisauni, hata Lamu. Hawa walikuwa walimu wasio na vyeti, watu wazima wenye watoto na madarasa yao, hawawezi kuacha kila kitu waje wakalie madawati. Tuliwapelekea vitabu na kanda kwa posta. Upande wa kwanza wa kanda mhadhiri alisomesha. Upande wa pili tuliuacha mtupu, mwanafunzi ajibu maswali kwa sauti yake mwenyewe, kisha aturudishie. Leo mnaambiwa kusoma ukiwa nyumbani ni jambo jipya. Sawa.

Chumba changu kilikuwa mwisho wa ukumbi. Kuta nilizibandika trei za mayai ili sauti isirudi, na mlango niliuziba kwa godoro kuukuu. Juu ya mlango, kwa nje, palikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, mtu asibishe hodi, kazi inaendelea. Swichi yake ilikuwa na ugonjwa wake, mara izime mara igome. Siku moja iligoma asubuhi, ikawaka mpaka alasiri bila mimi kujua. Chai haikuletwa, mtu hakuja, na hakuna aliyeuliza mbona Bi Zuhura leo haonekani. Nilipotoka, karani akanambia, "Leo umefanya kazi kweli kweli." Nilikuwa nimekaa tu, nikisubiri mtu wa kurekodi, mwenyewe amekuja akaona taa akarudi zake.

Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Mume wangu Salim alikuwa baharia wa meli za mizigo, akija likizo ya wiki chache kisha bahari inamrudisha kwake. Mtoto Mungu hakutupa. Kutwa nzima nilisikiliza sauti za watu masikioni mwangu, na jioni nikirudi nyumbani hapakuwa na wa kuniuliza umeshindaje.

Lakini kazi niliijua. Kanda ikilegea, tia kalamu ya risasi kwenye jicho lake uizungushe taratibu, usiivute kwa kidole. Ukitaka isifutwe, vunja vile vijino viwili vya mgongoni; ukijuta, bandika karatasi ya gundi juu ya matundu, itakubali tena. Hewa ya chumvi hula rekoda, kwa hivyo kila asubuhi nilikipangusa kichwa chake kwa pamba na spiriti, na chumba kizima kikanuka zahanati. Chini ya rekoda nilikunja kanga, maana meza hupiga ngoma ambayo sikio halisikii ila kanda huisikia. Na Changamwe, nyote mnajua, ni malori ya mafuta kutwa. Saa tulivu kuliko zote ilikuwa ya sala ya Ijumaa, malori yameegeshwa. Tatizo ni kwamba msemaji wangu bora naye wakati huo yuko msikitini.

Huyo alikuwa Maalim Athmani, mhadhiri wa ualimu, mtu wa Mombasa wa tangu na tangu, kofia ya viua na miwani iliyofungwa uzi. Siku ya kwanza nilimkalisha mbele ya kipaza sauti, nikamwonyesha kwa kidole: sema. Akasema, "Assalaam aleikum." Akanyamaza. Nikangoja. Naye akangoja. Nikamwashiria kupitia kioo kilichotutenga aendelee. Akanitazama kama mtu aliyefundishwa utovu wa adabu, akasema, "Sijaitikiwa bado."

"Maalim, ni mashine hii," nikamwambia. "Hakuna mtu."

"Wanafunzi ni majini?"

"La, wako makwao."

"Basi huko makwao nimewabishia hodi. Ngoja waitike."

Akangoja mpaka alipotosheka. Kisha akasema, "Na wengine, hamjambo?" maana tulikuwa na Wakristo wengi, akangoja tena. Ndipo akaanza somo. Mimi kwa kubabaika nilisahau kukikata kile kipande, kwa hivyo kanda ya kwanza kabisa ya kozi ile ilikwenda kwa wanafunzi wote ikiwa na sauti ya Maalim inayosema, "Sijaitikiwa bado." Likawa neno lao. Waliporudisha upande wa pili, wengi walianza kwa kuitikia na kucheka.

Tangu hapo nikajifunza kuipima ile nafasi. Saa haikufaa. Nilijifunza kuitikia mwenyewe, moyoni, salamu kamili bila haraka, waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, kisha pumzi moja. Hapo ndipo mhadhiri aendelee. Na baada ya kila swali vile vile: ngoja mtu afikiri. Mwenye kusomesha kwa mashine ashike hili hata akisahau mengine yote. Mashine haina haya, itasema bila kukoma. Wewe ndiwe unayepaswa kuipa haya.

Mkuu wa idara yetu, Bwana Mutiso, hakuona hivyo. Alikuwa mtu wa bara, mchapa kazi, mwenye kuionea uchungu mali ya chuo. Akasikiliza kanda moja akashika kichwa. "Bi Zuhura, hii kimya yote ni ya nini? Kanda inazunguka bure." Nikamweleza. Akasema, "Mambo ya salamu wasalimiane wakikutana. Kata." Amri ni amri. Nikachukua wembe na gundi, nikazikata nafasi zote za kanda za muhula ule, na vipande vya kimya vikajaa kwenye kapu miguuni pangu.

Kanda zikaenda, zikarudi. Moja ilikuwa ya mwanafunzi wa Mishomoroni, Mwanaidi, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye sauti yake niliipenda kwa sababu aliongea kama mtu aliye mbele yako. Yeye hakukosa kusema "Waaleikum salaam, Maalim, na wewe mwenye kuendesha mashine, waaleikum salaam." Alijua kuna mtu nyuma ya kioo. Hakuna mwingine aliyepata kulifikiria hilo. Safari hii akaanza hivi: "Maalim, nimewakosea nini? Siku hizi hamningoji. Nafungua kinywa niitike, nawe ushaanza somo. Kama kuna kosa, nambieni niombe radhi."

Nilimwita Bwana Mutiso nikampa visikizio. Akasikiliza mpaka mwisho, akavivua, akasema, "Hawa watu wenu ni wagumu." Lakini hakusema kata tena, nami sikungoja aseme rudisha. Nikarudisha.

Mwaka wa mwisho wa kozi yao, mume wa Mwanaidi akafariki. Alikuwa dereva, akaugua siku chache tu. Mwanaidi akaingia eda. Kwa wasiojua: mjane wetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura kubwa. Na mtihani wa mdomo, wa kukaa mbele ya wahadhiri, ulikuwa unaangukia katikati yake. Angengoja mwaka ujao, lakini mtaala ulikuwa unabadilishwa, na ambaye hangemaliza mwaka ule angeanza upya tangu mwanzo. Mjane mwenye watoto watatu hangeanza upya. Bila diploma, hata ile nafasi yake ya ualimu wa muda ingepewa mwenye cheti. Yote aliyoyasoma usiku na mchana yangeishia kwenye kabati.

Kwenye kikao Bwana Mutiso akasema, "Sheria inataka afike." Maalim Athmani akavua miwani. "Bwana Mutiso, tumemsomesha kwa kanda miaka yote hii, hatujapata kumwona uso. Kumtahini ndiko kunakotaka uso?" Wakabishana. Mwisho wakakubaliana: wahadhiri watatu warekodi maswali yao, mimi nibebe rekoda mbili niende Mishomoroni, moja iulize, ya pili inase majibu, nami nikae pale kuhakikisha hapana anayemnong'oneza.

Nikawarekodi. Nafasi za majibu nilimwambia Maalim ajibu yeye kimoyomoyo ndipo nipime, maana mimi ningejibu kila swali kwa neno moja nikamponza mwenzangu. Bwana Mutiso alirekodi wa pili, mbio mbio, akaondoka. Mlangoni akageuka, akanirushia neno kama wanavyorusha watu wa bara wanapoagana: "Haya, uwasalimie huko." Nikasema zimefika, nikaendelea kukunja nyaya.

Nyumba ya Mishomoroni ilikuwa ya makuti, uwanja umefagiwa mistari. Barazani nilimkuta shemeji yake Mwanaidi, ndugu wa marehemu, ameshika tama. "Sauti ya mke aliye edani," akasema, "ikasikizwe na waume wa kando huko chuoni? Haifai, Bi." Mimi ni fundi, si mwanachuoni. Nikasimama na mizigo yangu kama mchuuzi aliyekosea mlango.

Ndipo sauti ikatoka ndani. Alikuwa mamake marehemu, Bi Mkubwa wa nyumba ile. "Muache apite. Huyo mashini yuwaja na nini?"

"Na salamu na maswali ya elimu, Bi Mkubwa," nikasema.

Akafikiri. "Kusalimu ni sunna, kuitika ni faradhi. Akisalimiwa ataitika, na akiulizwa la ilimu atajibu. La zaidi sitaki kusikia." Shemeji akanipisha. Mamake ndiye aliyefiwa na mwana. Hakuna aliyekuwa na haki kubwa kuliko yeye siku ile.

Ukumbini Mwanaidi alikaa mkekani, amejitanda kanga nyeupe, kijana kuliko nilivyodhani. Tulitazamana. Nilimjua kwa sauti miaka mingi, uso wake ndiyo kwanza nauona. Yeye akasema, "Ndiwe wa mashine?" Nikasema ndimi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniacha. Nikatandika kanga yangu chini ya rekoda, nikawasha.

Maalim Athmani akasalimu, akangoja. Mwanaidi akaitika, "Waaleikum salaam, Maalim." Maalim akamwita jina, naye akasema, "Abee," kana kwamba mzee amekaa pale. Akaulizwa namna ya kumfundisha kusoma mtoto anayeona haya. Akajibu vizuri, kwa mifano ya darasani kwake, na ile nafasi ya Maalim ilimtosha sawasawa. Nikapumua.

Ikafuata sauti ya Bwana Mutiso. "Swali la pili. Eleza tofauti kati ya..."

"Zima," akasema Bi Mkubwa.

Nikaisimamisha ile inayouliza. Ile inayonasa ilikuwa ikiendelea, sikuigusa.

"Huyu hakusalimu," akasema. "Mtu haingii nyumba ya watu, nyumba ya msiba, akaanza kuuliza maswali. Hana la kuitikiwa."

Mwanaidi akanitazama. Hakuomba kitu. Mkwewe amesema, naye ameshainamisha kichwa, na nilimwona akianza kuuaga mtihani wake hapo hapo mkekani. Mashine ikibaki imezimwa, maswali mawili kati ya matatu yangebaki bila majibu, na hilo ni kufeli. Nilitaka kumwambia Bi Mkubwa kwamba watu wa bara hawana nia mbaya, ni desturi tu, lakini nilijua nikianza kumtetea Bwana Mutiso nitaharibu kabisa. Nikabaki nimeishika swichi ya rekoda. Ndipo nikakumbuka.

"Bi Mkubwa," nikasema, "alisalimu. Wakati natoka alinambia niwasalimu. Ni mimi sikuzifikisha."

"Alikwambia?"

"Wallahi alinambia, mlangoni."

Akanikazia macho mpaka nikahisi niko darasa la kwanza. "Salamu ni amana, mwanangu. Umeagizwa, ukaingia kwangu, ukakaa, ukanywa na maji, zote umezikalia?"

"Nimesahau, Bi Mkubwa. Nisamehe. Bwana Mutiso awasalimu sana."

Lile "sana" niliongeza mwenyewe. Bi Mkubwa akatikisa kichwa polepole. "Zimefika. Nasi twamsalimu, mwambie twamshukuru kutukumbuka." Akamgeukia mkaza mwanawe. "Haya, mjibu."

Nikairudisha kanda nyuma, nikaiwasha. Mwanaidi akajibu la pili, akajibu la tatu, jogoo mmoja akachangia, nikavunja vijino vya ile kanda pale pale ili asije mtu akaifuta kwa bahati mbaya.

Chuoni, wahadhiri wakaketi kusikiliza. Walipofika pale pa "Huyu hakusalimu," Bwana Mutiso akaweka kalamu chini. Wakasikiliza mazungumzo yote, yangu na ya Bi Mkubwa, mpaka kule kushukuru kwa kukumbukwa. Maalim Athmani alikuwa akitazama dari ili asicheke. Bwana Mutiso akaniuliza, "Kwani nilisema uwasalimie?"

"Ulisema."

"Sikumbuki." Akaiokota kalamu yake. "Lakini ni vizuri ulizipeleka." Mwanaidi akapita. Na kanda zote za Bwana Mutiso baada ya hapo zilianza kwa hamjambo, akingoja, akinitazama kupitia kioo nimwashirie kwamba ameshaitikiwa.

Baada ya eda Mwanaidi alikuja chuoni kuchukua cheti chake. Akauliza chumba changu, akaonyeshwa, akaja mpaka mlangoni. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Mimi nilikuwa ndani nimeinamia kazi yangu, sirekodi chochote. Ile swichi tena. Akakaa kwenye benchi akangoja, kisha akaondoka kuwawahi watoto nyumbani. Bawabu ndiye aliyenipa bakuli la visheti aliloniachia. "Mgeni wako alikuwa na adabu sana," akasema. "Hakutaka kukusumbua." Nilivila vile visheti peke yangu mle ndani, na kesho yake nikapanda juu ya kiti nikaing'oa ile taa. Lakini watu walishazoea kutobisha hodi, na hodi haikuja.

Mambo yakabadilika. Ikaja video, wahadhiri wakaanza kujali shati kuliko maneno. Zikaja kompyuta, zikataka chumba chenye kiyoyozi, na chumba kilichokuwa kimezibwa vizuri ni changu. Trei za mayai zikabanduliwa. Mimi nikastaafishwa, nikaruhusiwa kuondoka na rekoda moja kuukuu ambayo hakuna aliyeitaka. Maalim Athmani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Salim naye akarudi kutoka baharini moja kwa moja, hatimaye, tukasema sasa tutakaa kama watu. Hatukukaa. Alifia humu ndani, mwaka haujatimia.

Nikaingia eda. Mwanzo nyumba hujaa, wanawake wanakuja na mikeka na sufuria. Kisha kila mmoja anarudi kwake, si kwa ubaya, ana kwake pia. Zikafuata siku ambazo sikusema neno ila la sala. Nilikuwa nikikaa nasikiliza nyumba, maana masikio ndiyo niliyokuwa nayo, na nyumba haikuwa na la kusema.

Adhuhuri moja akaletewa jirani yangu mfuko wa gazeti, anipe. Ndani mna kanda. Nikaitia kwenye rekoda nikabonyeza.

"Assalaam aleikum, Bi Zuhura."

Niliijua kabla hajamaliza jina langu. Mwanaidi. Kisha kimya. Nilisikia ule mchakacho wa kanda tupu, nao ukaendelea, ukaendelea. Nikadhani amekosea, amebonyeza vibaya, au kanda imefutika njiani. Nikanyoosha mkono niizime.

"Sijaitikiwa bado," akasema.

Mkono ukabaki hewani. Kanda ikawa inazunguka, inangoja. Kuitika ni faradhi. Nikafungua kinywa, nikaitika, na sauti ilitoka kavu, ya kukwaruza, sauti ambayo ingekuwa ya mwingine ningemwambia anywe maji tuanze tena.

Kwa hivyo nikairudisha kanda nyuma, nikanywa maji, nikaitika tena vizuri.